Koti Lililokataa Kufunga

Nyinyi wote mulioko mbali, leo fundi wa nguo amenishinda bila hata kupandisha sauti.

Munajua Jumamosi naoa. Munajua pia mi naleta bidhaa toka Gatumba, kule mpakani, na ile barabara siku hizi bila bastola kiunoni sipiti.

Wiki iliyopita nilienda mtaa wa Buyenzi kwa fundi, mzee Saidi, anishonee kostimu, suti ya arusi. Wakati ananipima, mita yake ikapita juu ya bastola, chini ya shati. Akaandika tu namba zake.

Leo nimeenda kuijaribu.

Jamani, lile koti! Limekaa mabegani kama nilizaliwa nalo.

Lakini kifungo hakifiki.

Nikamwambia, "Mzee, umekosea vipimo."

"Apana, mwanangu. Nilikupima wewe. Hiyo kitu sikuipima."

Nikaitoa bastola kiunoni, nikaiweka mezani, karibu na pasi yake ya makaa.

Kifungo kikaingia bila kulazimishwa.

Akanitoa uzi begani. "Sasa bibi arusi atapata pa kushika."

Fundi kama huyu munaye huko muliko?

Na musinipe mashauri ya barabara. Jumamosi nafunga vifungo vyote.