Malkia wa Meneja

Chekeni tu, nimeshazoea. Kazi yangu hapa Mazinde ni kukanda wanawake waliojifungua. Juzi meneja wa shamba la mkonge aliniita: "Mama, Malkia yangu naumwa mgongo. Kanda yeye vizuri, Jumamosi takwenda mbio."

Nikasema moyoni, mzungu huyu anampenda mkewe! Hapo kwenye mbio nilishangaa, lakini mambo yao nani anayajua? Nikabeba maji ya moto na mafuta ya nyonyo mpaka chumbani kwa memsahibu. Nilipomgeuza kifudifudi alipiga ukelele. Nilipofika kiunoni alikuwa anakoroma.

Mara meneja akatokea mlangoni. "Mama! Malkia ni farasi! Iko bandani nangoja wewe!"

Nikaganda, mikono inachuruzika mafuta.

Memsahibu akafumbua jicho moja. "Farasi angoje."