Kamera iliyosema haina lenzi

Juzi nilikuwa kwenye studio ya picha pale Kibiti, nasubiri zamu yangu. Mbele yangu walikaa mume na mke, wazee kutoka Mbwera. Picha yao ya harusi ilisombwa na mafuriko, nao walitaka nyingine kabla mmoja wao hajatangulia.

Lenzi ya kamera mpya ilikuwa imekufa. Dada mpiga picha akafunga ile ya chuma ya marehemu baba yake, kwa pete ya kuunganishia. Akabonyeza, kamera ikagoma.

"Inasema haina lenzi," akaeleza.

"Na hiyo uliyoifunga ni nini, mwanangu?" bibi akauliza.

"Ni ya zamani, bibi. Kamera haiitambui."

Akaingia kwenye mipangilio, akairuhusu kamera ipige hivyo hivyo, kisha akazungusha lenzi kwa vidole, taratibu, mpaka nyuso zikaonekana vizuri. Mzee akamshika mkewe mkono. Picha ikatoka safi.

Nami nimewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi nikaambiwa sipo kwenye mfumo. Karani hakugusa mipangilio, aliita anayefuata.