Pa Kugeuzia Gari

Dereva wa gari la mji wetu la kuondolea theluji barabarani ana mikono kama magogo, lakini kile kifimbo cha kuinulia sepeto la mbele hukishika kwa vidole viwili tu, kama anayechota chumvi. Akifika barabara kuu huliinua sepeto, maana hiyo ni ya jimbo, si ya mji. Darajani huliinua tena, maana daraja ni la kaunti. Akishavuka hulishusha, anapiga mluzi, safari inaendelea. Ukimlalamikia atakujibu kwa sauti ya puani, "Ndugu yangu, kila theluji ina serikali yake." Kwenye kibao cha mpaka na mji wa jirani huliinua kwa mara ya mwisho, na ng'ambo ya pale theluji hulala ya kufika magotini mpaka wenyewe waamke. Nyumba ya kwanza ya huko ni ya Bi Hulda, mjane mwenye moyo mgonjwa, na barabara ikiziba, gari la wagonjwa halifiki kwake.

Juzi dereva huyo alinipa lifti. Tulipofika kwenye kibao, vile vidole viwili havikusogea. Sepeto likafagia moja kwa moja hadi mlangoni kwa bibi.

"Mzee, huku si kwetu," nikamwambia.

"Najua. Nageuza gari tu."

"Si tumepita pa kugeuzia pale shuleni?"

"Pale pabaya."

Bi Hulda akatoka na kikombe cha kahawa, akampa dirishani bila hata kumuuliza sukari ngapi.