Kapteni wa Jericho na Umande wa Chumvi

Katika miaka ile ya tisini, ungefika Jericho ukauliza nyumba ya Nalianya, ungezungushwa mpaka viatu viishe. Lakini ungesema "Kapteni" tu, hata mtoto anayenyonya angeachia titi akuonyeshe mlango. Kapteni! Mtu aliyezaliwa kwetu Kimilili, mahali ambapo maji mengi ni yale ya kwenye pipa la mvua. Mimi nilizaliwa hukohuko, na kuogelea namshinda, na sijawahi kujiita hata baharia. Lakini mimi nina haya. Yeye Mungu alimpa kifua kipana, miguu kama ya korongo, na mdomo. Siku ya kugawiwa midomo nadhani alipanga foleni mara mbili.

Kazi yake ilikuwa kupakia katoni za sabuni kwenye malori, kule Industrial Area, kiwanda kimoja nami. Ukapteni aliupata hivi. Kabla ya kuja Nairobi aliwahi kuosha vyombo katika hoteli ya Mtwapa, na huko akajuana na Mzee Shebwana, Mbajuni mwenye mashua ya injini aliyekuwa akiwapeleka wageni kuvua katika ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi. Nalianya alipanda mashua hiyo mara moja, akatapika, akashushwa. Hiyo ndiyo elimu yake yote ya bahari. Lakini hadithi ikipanda treni kutoka Mombasa hunenepa njiani. Ilipofika Jericho ilikuwa na mawimbi ya kimo cha gorofa za Tassia na papa wawili, mmoja wao mjamzito.

Basi kila Pasaka akawa anatukusanya sisi wafanyakazi, anatupeleka Mtwapa kuvua. Sitakataa, safari zilikuwa tamu. Pasaka ni wakati wa pepo za mvua, bahari ya nje inachafuka, lakini Shebwana alijua kona zote za ndani ambako mikoko inazuia upepo na samaki wanajificha kama wapangaji mwisho wa mwezi. Shebwana alishika injini. Shebwana aliteremsha nanga. Shebwana alitutilia chambo kwenye ndoana. Na Kapteni? Kapteni alisimama mbele na kofia nyeupe, akinyoosha kidole. Mashua ikikata kulia, kidole kinaenda kulia, kimechelewa kidogo tu. "Mmeona?" anatuambia. Na sisi, wapumbavu wa mshahara, tunapiga makofi.

Huo uongo ungemfikisha uzeeni salama, kama si Selpher. Selpher alifanya kazi upande wa kufunga sabuni, msichana mrefu, mkali wa maneno, na wote tulimtaka ila mimi nilikuwa tayari nimeoa. Alimpenda Nalianya. Usiniulize kwa nini. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Shiundu, msimamizi wetu, mtu wa koti na tai hata kiwanda kikichemka kama sufuria. Nalianya alipokwenda kujieleza, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Kijana, watu wanasema wewe ni kapteni. Mimi sijui kapteni, najua mpakiaji. Pasaka hii nitakuja nione. Ukinirudisha na samaki mkononi na suruali kavu, lete wazee wako nyumbani tuongee. Ukinidanganya, usinisalimie tena, hata kanisani."

Nalianya akaja kwangu rangi imemwisha. Watu wenye shida huja kwangu, sijui ni sura yangu.

"Kaka, nifanyeje?"

"Fanya kama siku zote. Shebwana aendeshe, wewe nyoosha kidole."

"Mzee ana macho, kaka. Ataona kidole kinafuata mashua."

"Basi kiwahishe."

Hakucheka. Alikwisha kuamua: mwaka huo Shebwana atabaki ufukoni, na Kapteni atakuwa kapteni kweli. Nikamwambia ana wazimu. Halafu nikaweka mkoba wangu tayari, maana jambo kama hilo halikosi kutazamwa.

Tulikwenda watano: Kapteni, Mzee Shiundu na koti lake, Selpher, aliyetumwa na mama yake aangalie presha ya mzee, mimi, na Mativo wa stoo, Mkamba wa Machakos mwenye masharubu kama ufagio. Jioni tulipofika, Shebwana alimwambia Nalianya, "Kesho usisahau kamba." Kapteni akakimbia dukani kabla hajasahau. Asubuhi tukateremka majini, Shebwana akatutazama mmoja mmoja.

"Kamba wako wapi?"

Sote tukamgeukia Mativo.

"Niko hapa, mzee," akasema Mativo, akisogea mbele kwa adabu. "Ni mmoja tu mwaka huu."

"Kamba wa chambo, bwana! Wale wenye sharubu!"

Mativo akashika masharubu yake. "Mzee, mimi nilialikwa kama mgeni."

Shebwana ikabidi aeleze polepole, kama anayeongea na watoto wa chekechea, kwamba kamba ni wale wadudu wa baharini ambao samaki huwapenda. Wakati huo Nalianya alikuwa ameshika mgongoni bunda zima la kamba ya katani, ya kutosha kufunga ng'ombe wa Bungoma nzima. Akalitupa ndani ya mashua na kusema liko hapo kwa usalama. Selpher akatazama pembeni, mabega yanamtikisika. Shebwana akatuletea kamba wake mwenyewe, ndani ya kikapu.

Kisha Nalianya akamvuta kando na kumnong'oneza kwamba leo angependa aende peke yake. Shebwana hakupenda. Akatazama anga, akatazama maji, akamtazama na Mzee Shiundu aliyekuwa akijaribu kuketi bila kukunja koti, akaelewa. Yule mzee alikuwa muungwana.

"Haya, mwanangu. Lakini nisikilize. Nenda na umande. Umande ukikatika tu, geuza urudi, usingoje hata dakika. Kusi limeanza siku hizi, likikukuta humo utajuta."

"Umande?" Nalianya akacheka ili mkwe asikie. "Mzee Shebwana, sisi watu wa Kimilili tumezaliwa ndani ya umande!"

Shebwana akamtazama kwa muda, kama mtu anayejiuliza ni wazazi gani hao. Lakini akasukuma mashua.

Nitasema ukweli, mwanzo ulikuwa mzuri. Kulikuwa na kaupepo kembamba kutoka nchi kavu, maji yametulia, na Nalianya akaendesha mpaka kwenye ile kona ya Shebwana ya siku zote, mwisho wa mikoko, karibu na mdomo wa bahari. Nanga ikashuka. Mimi ndiye niliyevua wa kwanza, changu mmoja ambaye ukubwa wake sitausema, mtadai najisifu. Alikuwa kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Mzee Shiundu akamtazama samaki wangu kama mtu aliyenyimwa sahani.

"Utapata, baba," Nalianya akamwambia. "Hapa ni ofisini kwangu."

Kale kaupepo ka nchi kavu kakafa. Ghafla kukawa kimya, hata jasho likaanza kututoka. Halafu upepo mwingine ukaja, kutoka upande wa baharini, mzito, na maji yakaota vipele. Selpher akavaa leso kichwani.

"Kapteni, yule mzee si alisema turudi umande ukiisha?"

"Nimeshughulika nao," akasema Nalianya. Akanyoosha mkono kwenye tawi la mkoko lililokuwa karibu, akachuma jani na kutuonyesha. Lilikuwa limelowa. "Umande huu hapa. Bado upo tele."

Sasa nyinyi mnaosoma mmekaa kwenye viti vikavu, mna akili nyingi. Sisi tulitazama jani, likadondosha maji, tukaridhika. Mawimbi yalikuwa yakipiga mashua na kurusha matone juu ya mikoko, na kadiri upepo ulivyozidi, ndivyo majani yalivyozidi kulowa. Kapteni akazidi kufurahi. Kila alipochuma jani jipya alikuta umande umeongezeka.

"Umande wa saa nne, jua limetoka hivi?" Selpher akauliza.

"Wa pwani unakawia kukauka, mama."

Kapteni akaramba jani kidogo, akakunja uso. "Una chumvi. Ni hewa ya huku."

Selpher akamgeukia baba yake. "Baba, turudi. Mwambie."

Na hapo, jamani, ndipo mshipi wa Mzee Shiundu ulipokazwa. Kitu kilivuta, kikaachia, kikavuta tena. Uso wa mzee ukawa wa kijana. Nalianya akampelekea jani kama hakimu anavyopelekewa ushahidi. Mzee akalichukua bila kuacha mshipi, akaliramba, akatulia, akaramba tena.

"Mimi nimekua nikichunga ng'ombe alfajiri," akatangaza. "Umande naujua. Huu ni umande. Hakuna kurudi."

Alipomaliza tu kusema, wimbi likaingia ndani na kumkalia magotini.

Mengine yalikwenda haraka. Nanga ikang'oka. Upepo ukatusukuma ndani ya ule mkono wa bahari kama toroli la sokoni lililokosa mwenyewe. Nalianya akawasha injini, ikakohoa, ikashika, na lile bunda la kamba ya katani, lililokuwa pale kwa usalama, likateleza majini na kujizungushia kwenye pangaboi lote, ile feni ya injini. Injini ikakata roho. Samaki wa mzee akaenda na mshipi. Mativo alikuwa akisali kwa Kikamba, kwa sauti. Tukaingia katikati ya mikoko kwa matako, matawi yakatushika, tukasimama.

Tulikaa. Halafu, taratibu, bahari ikaanza kuondoka. Nyinyi watu wa pwani msicheke. Kwetu mto ukikauka ni habari ya miezi. Hapa tulikuwa tukitazama tu, na maji yanakwenda zake kama mgeni aliyekasirika, mpaka mashua ikalala kiubavu juu ya tope jeusi lenye harufu ya mayai.

"Yameenda wapi?" akauliza Mativo.

Kapteni alikuwa amevua kofia yake nyeupe na kuikalia.

Mzee Shiundu alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Selpher akamwambia avue suruali asije akapata homa, akampa leso yake ajifunge. Mzee akakataa. Kaa mmoja alipopanda kwenye kiatu chake, akakubali. Suruali ikatundikwa kwenye tawi, na msimamizi wetu, mtu tuliyemwogopa mpaka chooni, akaketi ubavuni mwa mashua ndani ya leso yenye maua ya korosho. Nilitazama mikoko. Niliitazama sana mikoko siku hiyo.

Shebwana alikuja kwa miguu, anatembea juu ya tope kwa fimbo kama anayekwenda sokoni. Akatuzunguka mara moja. Akaona kamba kwenye pangaboi, akafumba macho.

"Mwanangu, sikukwambia umande ukikatika urudi?"

"Haukukatika!" Nalianya akapandisha sauti. Akachuma jani. "Tazama, mpaka sasa majani yamelowa!"

Shebwana akalitazama jani. Akatutazama sisi. "Majani?"

"Si umande?"

"Umande ni upepo, bwana! Upepo wa asubuhi utokao nchi kavu. Ukikatika, kusi linaingia kutoka baharini. Hayo ni maji ya mawimbi. Nani kakwambia umande uko kwenye majani?"

Selpher akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Mimi nikasubiri Nalianya amtaje aliyethibitisha, maana mdomo ule sikuwahi kuuona ukifungwa. Akamtazama Mzee Shiundu. Mzee akamtazama yeye, kwa macho niliyoyaona siku moja tu, siku wakaguzi walipokuja kiwandani.

"Ni mimi," akasema Nalianya. "Nilijiambia mwenyewe."

Basi. Mativo akafungua mdomo, "Lakini mzee si uliramba..." na mimi nikamkanyaga.

Mzee Shiundu alikuwa akihesabu, nadhani, ni wapakiaji wangapi wangekuja kazini Jumanne na jani mfukoni. Halafu akasimama, akashika ile suruali. Kusi lilikuwa limeikausha mpaka imekakamaa kama gunia. Akaivaa. Akaniambia, bila hata tafadhali, "Leta huyo changu," akamtwaa samaki wangu, akamning'iniza kidoleni.

"Samaki mkononi," akasema. "Suruali kavu. Nalianya, utaleta wazee wako. Mambo ya leo ni ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, baba?" Selpher akauliza, machozi ya kicheko bado yanamtoka.

"Kwetu. Sote tuliopo hapa sasa ni wa nyumbani. Hata huyu Mkamba."

Ndivyo Nalianya alivyopata mke: mzee aliona heri siri aiingize ndani kama mkwe kuliko kuiacha ikizurura Jericho. Mimi nikapewa kazi ya mshenga, nikaifanya vizuri kuliko mshenga yeyote aliyewahi kukanyaga Eastlands. Changu wangu sijalipwa mpaka leo.

Harusi ilikuwa kanisani, tai nyingi, kiwanda kizima kimejaa. Kila kitu kikaenda sawa mpaka mchungaji, mtu mwema asiyejua lolote, alipoinua mikono juu ya maharusi na kumwomba Mungu awashushie umande wa baraka, asubuhi na jioni, usikauke kamwe.

Bwana arusi akainama kama aliyedondosha kitu. Shela ya Selpher ikaanza kutetemeka. Mativo, kule benchi la nyuma, akatoa sauti ya injini iliyoshika kamba.

Mzee Shiundu hakugeuka. "Msameheni," akawaambia wakwe zake, anatazama mbele, tai imenyooka. "Huyo Mkamba ana kifua."