Mkono Nilioushika Kando ya Wadi

Wajukuu wangu wamenikataza kuisimulia habari hii, eti watu watasema nyanya ameanza kuchanganyikiwa. Wacha waseme. Sukari sina, presha sina, na uzi kwenye sindano natia bila miwani. Ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe huko Riyadh, jua likizama, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo kutunga siwezi. Na ningekuwa natunga, ningetunga kitu kinachoeleweka.

Mimi ni mtu wa Taita. Nimefanya kazi Saudia miaka mingi kwa familia moja ya Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nyumba kubwa hadi ukimaliza kupiga deki huku, kule kumeshaingia vumbi. Kazi yangu hasa ilikuwa kumtunza mama mzazi wa madam. Sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kabira, yaani yule mama mkubwa. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimpaka hina vidoleni. Alikuwa ameanza kusahau. Angeweza kukuitisha chai na kikombe anacho mkononi. Lakini mkono wangu hakuusahau. Usiku akishtuka, nikimpa mkono tu, analala. Madam, binti yake wa kumzaa, akimpa wake anausukuma. Najivunia hilo, na kwa nini nisijivunie?

Kuna wakati mume wa madam alipata kazi Riyadh, tukahamia huko wote. Daktari akasema Mama Kabira atembee kila siku, la sivyo magoti yatakakamaa. Basi kila alasiri dereva wetu Otieno, Mkenya mwenzangu wa kutoka Kisumu, alikuwa akitupeleka wadini. Wadi ni bonde, na hili lina mfereji mrefu uliojengewa mawe, maji yanatembea, na kando yake kuna njia ya miguu. Mitende upande huu, matete upande ule, ndege weupe wamesimama majini kama waliosahau walichofuata. Nani angedhani katikati ya jangwa kuna mahali pananuka tope na majani mabichi kama shamba la kwetu? Watu wanatandika mikeka, wanachoma nyama, wanakunywa gahawa. Nilipapenda sana. Otieno, aliyeniita Shosh, yaani nyanya, alikuwa akinitania, "Shosh, wewe na huu mfereji mtaoana." Nikamwambia afadhali mfereji, hauniulizi chakula kiko wapi.

Madam alikuwa amenionya mara moja tu, lakini alinionya akinitazama machoni. Mama yake asitoke mkononi mwangu. Akitumbukia kwenye yale maji, halas, imekwisha, nisirudi nyumbani kwake.

Sasa, kando ya njia kuna msikiti mdogo wenye chumba cha wanawake. Mimi ni Mkristo, kwa hivyo wao wakisali mimi hukaa nje nikilinda viatu. Na wewe uliyefanya kazi Saudia unaijua taabu yetu. Wanawake wote wamevaa nyeusi kuanzia juu hadi chini, nyuso zimefunikwa, utamjuaje wako? Sisi tunawajua kwa viatu. Mama Kabira alivaa makubazi mapana ya ngozi, na mkanda wa kushoto niliushona mimi kwa uzi mwekundu. Akitoka sitazami uso. Natazama miguu, nanyoosha mkono, yalla, twende.

Siku hiyo, magharibi, wanawake walitoka kwa mkupuo. Nikaona makubazi yangu yenye uzi mwekundu na miguu imo ndani. Nikanyoosha mkono. Ukashikwa.

Tukaanza kutembea. Nilishangaa kwamba haniegemei wala halalamikii magoti. Nikafurahi, nikasema moyoni dawa imeanza kuingia. Tukafika kwenye daraja dogo ambapo sisi hugeukia kila siku. Nikamvuta kidogo tugeuke, akaendelea. Nikafikiri, mzee leo ana nguvu, kwa nini nimkatize? Taa zikawa chache, mikeka ya watu ikaisha, kelele za watoto zikabaki nyuma. Tukasalia sisi na maji.

Kisha akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu.

Ngoja nikueleze. Kiswahili cha Mama Kabira kilikuwa cha maneno machache niliyomfundisha mimi: maji, pole, lala. Huyu aliniuliza kwa Kitaita. Kitaita cha mlimani, cha mama yangu, ambacho sijakisikia kwenye mdomo wa mtu yeyote tangu niingie Saudia. Na mimi, niamini, nilimjibu. Nikamwambia bado, wanangoja. Mtu akikuuliza kwa lugha ya kwenu unajibu kwanza, akili inafuata baadaye.

Simu ikalia. Alikuwa Otieno.

"Shosh, uko wapi? Mbona umemwacha Mama Kabira huku kwa gari? Na hana viatu."

Nikamwambia asinichezee, Mama Kabira niko naye hapa, nimemshika mkono.

Halafu akasema polepole, "Shosh, mimi ndiye nimemfunga mkanda wa kiti sasa hivi. Wewe umemshika nani?"

Nikautazama ule mkono. Hina ilikuwa ileile niliyoipaka mimi. Pete ileile isiyovuka kifundo cha kidole. Ningeona kwato au makucha ningejua ni nini, ningepiga kelele, mambo yakaisha. Lakini ulikuwa mkono ninaoujua kuliko wangu, na hapo ndipo akili yangu ilipokwama.

Nikamuuliza, kwa Kitaita, yeye ni nani. Hakugeuka.

"Sikukuita," akasema. "Wewe ndiye uliyenipa mkono."

Akauachia taratibu, kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kutembea. Akashuka kwenye matete, na sikusikia maji yakivurugika. Nilikimbia, nyanya wa watu, abaya nimeikunja kwapani, nikimwita Bikira Maria kwa kila pumzi.

Kwenye gari nilimkuta Mama Kabira ameketi, miguu mitupu, nguo imelowa mpaka magotini. Nikapiga magoti pale chini nikamfuta kwa mtandio wangu, machozi yananitoka. Yeye anacheka tu. Otieno ndiye aliyekuwa ananitazama vibaya. Akasema mimi ndiye niliyemleta. Aliniona kwa macho yake nikitoka upande wa maji nimemshika mkono Mama Kabira, nikamfungulia mlango, akanisalimu sikumjibu, nikarudi njiani. Akadhani nimefuata viatu. Nimemuuliza tena na tena tangu siku hiyo, nikimtega abadilishe maneno. Habadilishi. Na yale makubazi hayakuonekana tena.

Basi niambie wewe. Kama niliyetembea naye alikuwa jini, aliyemtoa Mama Kabira majini ni nani, na kwa nini alivaa sura yangu? Kibaya kingemwacha azame. Kizuri kingenitembeza mimi gizani kwa ajili gani? Au alikuwa mmoja, anatucheza wote wawili? Nimeligeuza jambo hili kila upande. Halina mlango.

Madam tulimwambia mama yake alichezea maji, akatugombeza, yakaisha. Kwake yeye yaliisha. Usiku ule Mama Kabira alishtuka kama kawaida, nikampa mkono. Akaunusa. Akausukuma.

"Yule mwingine yuko wapi?" akaniuliza kwa Kiarabu chake.

Kila usiku ikawa hivyo. Yule mwingine. Mimi niliyemlea kama yai, nikawa ndiye mgeni. Tuliporudi Jeddah nilijua atasahau, maana anasahau kila kitu. Hilo hakulisahau. Madam akaleta msichana wa kulala chumbani kwa mama yake, mimi nikapelekwa jikoni, na sitaki kukwambia nilivyolia juu ya vitunguu ambavyo sijavikata.

Jioni moja tukampeleka ufukweni upande wa Ruwais apate upepo. Msichana alikuwa naye mbele, mimi nyuma na chupa ya chai. Mama Kabira akasimama, akageuka, akaninyooshea mkono. Uso wote unacheka.

"Umerudi," akasema.

Sijui alimwona nani. Ningeweza kumwambia, mama, ni mimi tu, yule wa siku zote. Sikumwambia. Niliupokea mkono tukatembea, na usiku ule nililala chumbani kwake.

Wewe unayetembeza wazee wa watu kando ya maji, achana na viatu. Magharibi ikiingia, mwite jina, akujibu, uone uso wake, ndipo unyooshe mkono. Na yeye akikuuliza wewe ni nani, uwe na jibu. Mimi hadi leo Mama Kabira huniuliza hivyo kila usiku, na kila usiku najibu, "Ndiye mimi," mkono ukitulia ndani ya wangu, na sijui nimejibu kwa niaba ya nani.