Sauti ya Pili ya Deolindo

Watu wa Schaerbeek, mtaa wetu hapa Brussels, walimjua shemeji yangu Deolindo kama fundi wa plasta mwenye kofia ya wachunga ng'ombe. Kumbe kwao Brazili, huko Goiás, watu walikuwa wakijaza viwanja kumsikiliza. Mimi nilidhani anajigamba tu, mpaka Mbrazili mmoja aliyekuja kazini kwake alipomtambua, akasimama na ndoo mkononi akilia.

Aliimba sertanejo, muziki wa mashambani, na huo kwa desturi huimbwa na watu wawili. Kaka yake Deodato alishika sauti ya kwanza, ile ya juu inayobeba wimbo, Deolindo akimfuata kwa chini. Redio ziliwapiga, wakaitwa kila penye mashindano ya kupanda mafahali. Ila aliyewasikia alikumbuka sauti ya Deodato. Mwaka 2003 basi lao lilipinduka wakitoka kwenye onyesho, Deodato akafa. Waandaaji walimpa Deolindo pole, kisha wakaacha kumpigia simu. Walisema hakuna atakayelipa kiingilio kuona nusu. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo biashara yao ilivyo. Akaja Brussels kupiga plasta kuta za watu.

Hapa alimwoa dada yangu Thérèse, wakamzaa Sephora. Kwenye sherehe za Wabrazili, akipewa gitaa, aliimba sauti ya pili tu, ile ya juu akimwachia marehemu. Masikioni ilikuwa kama nyumba isiyo na paa. Thérèse aliutia wimbo mmoja wa mumewe maneno ya Kiswahili, na akina mama wa kwaya yetu ya kanisani, Wakongo wa Katanga watupu, wakazoea kuuimba harusini.

Mwaka 2014 alipatikana na saratani ya koo. Madaktari wa hospitali ya Woluwe walimweleza wazi kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe, la sivyo atakufa. Alikubali. Ila alitaka kitu kimoja kabla: Sephora, aliyekuwa na miaka sita, abaki na sauti ya baba yake. CD za zamani hazikufaa, maana humo anasikika Deodato. Basi akajifunza kuimba ule wimbo wa Thérèse kwa sauti ya kwanza, mwenyewe, ili arekodiwe. Koo lilikuwa limeoza. Alijua litamruhusu mara moja tu, akawa anakaa kimya siku nzima akilitunza.

Jumapili, kesho yake ikiwa siku ya kupasuliwa, kwaya ilikuja nyumbani kumwombea. Maombi yalipokwisha, Thérèse aliweka simu mezani, ikaanza kurekodi. Deolindo akafungua kinywa, sauti ikakwaruza kwenye neno la kwanza. Hapo hapo Maman Anne-Marie, kiongozi wa kwaya, akaudaka wimbo, na wenzake wote wakamfuata. Kwetu mgonjwa haachwi aimbe peke yake. Kumwacha ni kumtupa.

Thérèse aliinua mikono kuwazuia, hakuna aliyemtazama. Mimi nilimtazama Deolindo, nikitegemea akasirike. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Baada ya miaka yote ile kulikuwa tena na mtu wa kuimba juu yake. Akashuka kwenye sauti yake ya pili, na huko chini akapotea kabisa.

Dada yangu alipolalamika, Maman Anne-Marie alishangaa kwa moyo safi.

"Maman Thérèse, unakasirika juu ya nini? Muntu anagonjwa, alors tumuache aimbe yeye moja?"

Nilichukia, na nachukia hadi leo, lakini utagombana vipi na watu waliokuja kukuombea? Walipoondoka Deolindo alijaribu tena. Ilitoka pumzi tu.

Yuko hai, ana tundu shingoni, haongei. Juzi nilimkuta sebuleni na Sephora, simu iko katikati yao, ikicheza rekodi ya Jumapili ile.

"Papa, sauti yako iko wapi?" mtoto aliuliza.

Deolindo aliinama, akainua kidole ili amwonyeshe mahali penyewe. Akina mama waliimba, ubeti baada ya ubeti. Wimbo ukaisha, kidole kikiwa bado juu.