Siku Baba Mkwe Alipokagua Ng'ombe Ghalani

Nilijiapiza kwamba habari hii nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa Deus wa kazini kwetu ameshaisimulia kwa nusu ya Kakola, tena kwa kuongeza chumvi na kujipa yeye upande mzuri, bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa, mnicheke mara moja yaishe. Kazini wananiita Zizi mpaka leo. Sina la kufanya, naitika.

Mimi ni fundi wa mtandao kwenye mtambo mmoja wa kuchenjulia dhahabu huku Kakola, jirani na Bulyanhulu. Bosi wetu, Mama Neema, anakaa Mwanza, na kwa kuwa hamwamini mtu yeyote (mimi nikiwemo, na siku ile nilimthibitishia kuwa yuko sahihi), amefunga kamera zenye spika kila kona, anatuangalia na kutufokea kwa simu yake akiwa hukohuko. Kazi yangu ni kuhakikisha anatuona. Sasa, ofisi nzima ina anwani moja tu inayofikika kutoka nje, kama uwanja wenye geti moja na nyumba nyingi ndani, na kwenye geti hilo kuna seva ambayo mtu akija na namba fulani ya mlango inamwelekeza, wewe nenda kamera ya ghala, wewe nenda kompyuta ya mizani. Maelekezo hayo nimeyahifadhi kwa majina, kila jina na profaili yake, na kila profaili ina vitu viwili vya maana: namba ya mlango wa nje na anwani ya chumba cha ndani. Ukikosea kimoja, mgeni anaingia chumba kisicho chake. Hiyo ndiyo elimu yangu yote na ndiyo iliyoniumbua.

Wakati huo nilikuwa kwenye mipango ya kumuoa Leokadia, mwalimu, kwao Ushirombo. Mahari ilishakubaliwa, kilichobaki ni baba yake, Mzee Bundala, awaone ng'ombe wenyewe na kuwapokea. Hilo si jambo la kupita tu. Upande wa binti unakagua ng'ombe mmoja mmoja, meno, kwato, macho, na asiyeridhisha anakataliwa, na mzee akiona anafanyiwa mzaha anaweza kusimamisha kila kitu na binti akabaki kwao. Ng'ombe walikuwa kwetu Kishapu, zizini kwa kaka yangu Kulwa, na mzee mguu ulikuwa unamsumbua, safari ya Ushirombo mpaka Kishapu haiwezi. Watu wenye akili zao wangesubiri mguu upone. Mimi nikasema mzee asihangaike, atawaona ng'ombe akiwa sebuleni kwake, kwenye TV.

Leokadia akaniuliza, "Una uhakika? Baba hapendi mchezo kwenye mambo ya ng'ombe."

"Mimi ni mtaalamu," nikamjibu. (Neno hilo silitumii tena.)

Basi nikaenda Kishapu nikafunga kamera kwenye nguzo ya zizi, ile yenye maiki na spika, ili mzee akitaka amwambie Kulwa mgeuze huyo, mlete yule. Kamera ilitumia laini ya simu, na laini ya simu huwezi kuifikia moja kwa moja kutoka nje, kwa hiyo nikaipitisha kwenye seva ya ofisi. Ndiyo, seva ya Mama Neema, bila kumwambia Mama Neema. Nilijiambia ni siku moja tu.

Jumamosi yenyewe ikafika. Baba mdogo Jilala, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, alishafika Ushirombo, ameunganisha simu yake kwenye TV ya mzee, wazee wamekaa, akina mama wako jikoni. Mimi bwana harusi sina nafasi kwenye kikao kile, kwetu anayeoa anakaa mbali anasubiri kuambiwa, kwa hiyo nilikuwa kazini Kakola. Asubuhi nikakaa kwenye seva kuandika profaili ya mzee, nikaona uvivu. Kwa nini niandike upya wakati ya Bosi, ile inayompeleka kwenye kamera ya ghala, ipo na inafanya kazi vizuri? Nikainakili, nakala nikaipa jina Mkwe, nikabadilisha namba ya mlango wa nje, na nilikuwa nimebakiza kubadilisha anwani ya ndani tu, chai ikaja. Ilikuja na chapati mbili za moto, na mimi chapati ya moto siiachi ipoe. Niliporudi, mikono ina mafuta, nikabonyeza kuhifadhi.

Mtaniuliza, hukujaribu? Nilijaribu! Nilifungua kamera ya zizi hapohapo ofisini, nikawaona ng'ombe wametulia, nikamwona Kulwa kavaa shati la Krismasi. Ila nilifungua kwa ndani, sikupita getini kama atakavyopita mzee. Ni sawa na mtu anayejaribu kufuli la mlango akiwa amesimama ndani.

Saa saba mchana, muda wa kikao, nilikuwa siwezi kukaa. Nikaiacha simu kwenye chaji chumba cha seva, nikaenda ghalani kwa Deus, mtunza ghala wetu, rafiki yangu, mtu mnene mwenye mapengo mawili ya mbele, ili tu nisikie sauti ya mtu. Na nilikuwa mwangalifu! Kabla sijatoka niliangalia kwenye seva kama profaili ya Bosi ina mtu, haikuwa na mtu, nikajua Mama Neema hatuangalii, tuna uhuru wetu. Ya Mkwe sikuiangalia, niiangalie ya nini, si inaenda Kishapu?

Deus akaniona nimekunja uso. "Huyo mzee anakagua ng'ombe namna gani mpaka unatetemeka hivyo?"

"Piga magoti nikuonyeshe," nikamwambia.

Jamani, mimi sijui nini kiliniingia. Nafikiri ilikuwa hofu inatafuta pa kutokea. Deus akapiga magoti, akaweka na mikono chini, akalia mooo (huyu bwana angezaliwa ng'ombe angependwa), mkono mmoja akaugeuza mkia. Mimi nikachukua fagio likawa fimbo, nikasukuma tumbo mbele, nikakohoa kile kikohozi cha Mzee Bundala cha mara tatu, nikaanza kuchechemea kumzunguka Deus taratibu. Nikamfungua mdomo. Nikamgonga kwato, yaani kiatu. Nikasema kwa sauti nzito ya mzee, "Huyu mmemlisha nini, magunia? Mgeuze nimwone nyuma!" Deus akageuka, akatingisha mkia. Tulicheka mpaka machozi. Nikamwinamia tena, nikafungua mdomo wake kwa vidole viwili, na hapo nikasikia kikohozi. Mara tatu. Na sikuwa nimekohoa mimi.

Kilitoka kwenye kamera.

"Huyo ana mapengo," sauti ikasema. "Simchukui."

Deus, bado yuko chini kwa mikono na magoti, akaninong'oneza, "Bosi ana mafua?"

Nilisimama pale na fagio langu. Nikaitazama ile kamera na nikafanya kitu pekee ambacho mama yangu alinifundisha kufanya mbele ya mtu mzima. "Shikamoo baba," nikasema. Sikuitikiwa. Nimeamkia watu maisha yangu yote, sijawahi kunyimwa marahaba, na niseme ukweli, iliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikakimbia chumba cha seva. Simu ilikuwa imejaa simu za baba mdogo Jilala ambazo sikuzipokea, na ujumbe wake wa mwisho ulisema tu, ACHA. Nikafungua profaili, Bosi juu, Mkwe chini yake bado na anwani ya ghala, nikaifungua ya kwanza niliyoigusa, nikaweka anwani ya zizi, nikahifadhi, nikashusha pumzi. Mnajua niliigusa ipi. Niliigusa ya Bosi.

Kwa hiyo mambo yakawa hivi: wazee Ushirombo bado wanaliona ghala letu, na Mama Neema, ambaye dakika hiyohiyo alimaliza chakula chake Mwanza na kufungua simu kuangalia mali yake, akaona kwenye ghala lake la kemikali na kaboni, ule mkaa wa kunasia dhahabu, kuna kundi la ng'ombe linacheua.

Akapiga kelele kwenye simu, "Deus! Deus uko wapi? Nani kaingiza ng'ombe kwenye kaboni yangu? Tokeni! Tokeni!" Lakini sauti haikutoka ghalani, ilitoka Kishapu, kwenye nguzo ya zizi. Kulwa aliniambia baadaye kwamba ng'ombe wale walikuwa hawajawahi kufokewa na nguzo, tena kwa sauti ya mama wa mjini, walisikiliza mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili wakapita kwenye ua wa miiba wote kwa pamoja, na yeye na shati lake la Krismasi akabaki ameshika kamba isiyo na kitu.

Mama Neema alipoona Deus haitikii akawapigia walinzi. Wakaja mbio watatu na virungu, mkuu wao mbele, wakalivamia ghala, wakamkuta Deus anajikung'uta magoti.

"Wako wapi?" mkuu wa walinzi akauliza, anachungulia nyuma ya mapipa.

"Akina nani?"

"Ng'ombe! Bosi kawaona kwenye kamera!"

Deus, maskini, akajua siri imetoka, akainua mikono juu. "Afande," akasema, "ng'ombe ni mimi."

Na haya yote, naomba mkumbuke, yalikuwa yanaonekana kwenye TV Ushirombo, mbele ya wazee waliovaa makoti.

Nilipogundua kosa nikazirekebisha zote mbili, hii ghalani, ile zizini, na safari hii nikasoma kila namba kwa kidole. Simu ikaita papo hapo, baba mdogo Jilala. "Bhebhe, wewe," akaniambia kwa sauti ya chini sana, "sasa tunaliona zizi." Nikasema asante Mungu. "Halina ng'ombe," akasema. "Yupo Kulwa na mbuzi." Nyuma yake nikamsikia Mzee Bundala akisema izimwe hiyo TV, kikao kimekwisha.

Jioni Leokadia akanipigia. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa amelia, sauti ilikuwa imekwama puani. "Baba amesema hajui ana mkwe au ana mchekeshaji," akaniambia. "Amesema uje mwenyewe Jumapili ijayo ndipo aamue. Na amesema usije na kamera." Usiku ule sikula. Nilikuwa nampenda yule dada (bado nampenda, anasoma hapa begani kwangu), na nilikuwa nimemuuza kwa chapati mbili.

Kazini nilisimamishwa wiki mbili, na barua ya onyo ninayo kabatini, imeandikwa kosa langu ni kupitisha ng'ombe kwenye mtandao wa kampuni. Deus hakupewa barua. Deus alipewa pole.

Jumapili nikafika Ushirombo, wametoka misa, familia yote imekaa uani kwenye viti vya plastiki, mama mkwe yuko mlangoni mwa jiko na kanga kichwani, simwangalii, ndivyo desturi inavyotaka. Nikachuchumaa. "Shikamoo baba." Safari hii mzee akaitikia, marahaba fupi sana. Nikaanza kuomba radhi, nimeandaa maneno njia nzima tangu Kakola, akaninyamazisha kwa mkono.

"Yale uliyokuwa unafanya kule," akasema, "fanya hapa."

Nikadhani sikuelewa. Baba mdogo Jilala, aliyekaa pembeni yangu, akainamisha kichwa. Mzee akanirushia fimbo yake mwenyewe. "Si ulikuwa unaniiga? Niige nikuone."

Nikasimama. Nikasukuma tumbo mbele, nikakohoa mara tatu, kikohozi kikatoka chembamba kama cha kuku, nikaanza kuchechemea kukizunguka kiti kimoja kitupu mbele ya watu wale wote, mashangazi, wajukuu, katekista, hakuna anayecheka, kuna vumbi tu na viatu vyangu. Nilitamani ardhi inimeze na ile fimbo. Nikamaliza mzunguko, nikasimama mbele yake, macho chini.

Mzee Bundala akanyoosha kidole kwenye goti langu.

"Mguu unaoniuma ni wa kushoto," akasema. "Wewe unachechemea wa kulia. Rudia."

Jikoni kitu kikaanguka, nafikiri sufuria, halafu nikasikia mama mkwe anacheka, cheko la mtu aliyelizuia wiki nzima, na mashangazi wakamfuata. Nikarudia, na mguu wa kushoto. Safari hii mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika, ameziba mdomo kwa kofia yake. Alipopata pumzi akasema ng'ombe atawakagua mwenyewe mguu ukipona, kwa macho yake, na kwa sasa nikanawe mikono nile.

Alikwenda Kishapu kweli, akawakataa wawili kama ilivyo haki yake, nikabadilisha, tukaoana. Siku hizi kila profaili naiandika upya kutoka mwanzo hata kama nina ishirini za kuandika, naijaribu nikiwa nje ya geti, na chai haiingii chumba cha seva. Na kuhusu kuiga watu wazima, nimeacha kabisa, hata nikiwa peke yangu msalani, kwa sababu mzee huja kututembelea bila taarifa, na nikisikia kikohozi mlangoni nasimama wima kwa miguu yote miwili.